Mnazi wa Maryanne na Hasara za Sosholojia

Charo wa Garama,
Nyumba ya bati jekundu, nyuma ya kanisa,
Chaani, Changamwe.
Alhamisi.

Kwa Daktari Lynnette Achieng,
Mhadhiri wa Sosholojia, Mwaka wa Kwanza.

Mheshimiwa Daktari,

KUH: MADHARA YALIYOIPATA FAMILIA YANGU KUTOKANA NA ZOEZI ULILOMPA BINTI YANGU

Pokea salamu kutoka Chaani. Sisi sote huku hatujambo, isipokuwa mimi.

Hatujapata kuonana, ingawa nilifika chuoni kwenu Jumanne na bawabu akaniambia wazazi huingia siku ya mahafali peke yake. Nilimweleza kwamba kwa mwendo huu mahafali yatanikuta sina tena cheo cha mzazi. Akasema hilo si jambo la getini. Kwa hiyo nimeketi kuandika.

Mimi ni baba yake Eddah Charo, yule binti mrefu anayekaa mstari wa mbele na kuuliza maswali hadi wenzake wanaguna. Alianza kuuliza akiwa na miaka mitatu, kwa hiyo nakupa pole. Kwa kazi mimi ni karani mstaafu wa bandari. Kwa miaka ishirini na sita nilisimama Kipevu na ubao na kalamu, nikiandika kila mzigo ulioshuka melini: mstari, mstari, mstari, mstari, na wa tano unawakata wenzake. Meli zilikuja na kuondoka, manahodha waligombana na mawakala, madereva wa malori walitukanana kwa lugha zote za bara, lakini karatasi ya Charo haikuwahi kukataliwa na mtu. Nilistaafu mwaka jana. Tangu hapo niko nyumbani, nasimamia.

Wiki tatu zilizopita Eddah alirudi na karatasi yako yenye swali: “Jadili nafasi ya familia katika jamii kwa kuichunguza familia yako mwenyewe.” Nililipenda swali. Nilidhani ataandika kwamba familia ni nguzo ya taifa, atie picha moja ya sisi sote tumevaa nguo za Krismasi, apate alama, yaishe. Kumbe ulikuwa unanichimbia shimo, Daktari, na aliyekabidhiwa jembe ni mimi mwenyewe.

Maana Eddah alinijia na adabu zake zote. “Shikamoo, baba. Nahitaji mtu makini wa kuandika kila kazi inayofanyika humu ndani kwa siku saba, na nani kaifanya. Ni nani mwingine ila wewe?” Ulikuwa umepita mwaka mzima bila mtu kuniambia neno kama hilo. Nilitoa ubao wangu sandukuni, nikachonga penseli mbili.

Nilifanya kazi safi. Majina nikayapanga juu, kazi nikazipanga pembeni, nikakiweka kiti changu mahali ambapo naona uani, jikoni na mlango wa mbele bila kuinuka. Jumapili jioni nilijumlisha, nikatia sahihi. Mke wangu Nyamvula: mistari mia mbili na kumi na mmoja. Binti yangu mkubwa Maryanne, ambaye ni mwalimu wa chekechea kule Mikindani na hurudi saa kumi na moja: sitini na minne. Eddah mwenyewe: arobaini na minane. Jirani yetu Mwanasaumu, aliyekuja kuazima mwiko na akaishia kutupikia uji: sita. Shemeji yangu Kai, ndugu yake Nyamvula, anayekaa Likoni ng'ambo ya feri na aliyekuja Jumatano tu: tisa, kwa sababu alitengeneza mfereji wa maji wa jikoni, akabeba mtungi wa gesi, akapanda juu ya bati kuziba tundu, akamsikiliza Nyamvula habari za mgongo wake, na mengineyo. Charo wa Garama: sufuri.

Daktari, karani hajiandiki! Karani atakayejitia kwenye karatasi yake mwenyewe ataulizwa amebeba gunia lipi. Nilimweleza Eddah hivyo. Akaniuliza kwa upole, “Haya baba, sasa tuandike umefanya nini?” Nikamwambia nitamjibu kesho. Hiyo ilikuwa wiki mbili zilizopita.

Kutokana na hayo naleta malalamiko yangu kwa mpangilio, kama ifuatavyo.

1. Kuhusu nadharia yenu ya kwanza. Eddah anasema wapo wataalamu wanaoamini familia ni kama mwili, na kila kiungo kina kazi yake: kulea, kulinda, kulisha, kufundisha mila. Sina ugomvi na mwili. Ugomvi wangu ni kwamba ile karatasi, yenye sahihi yangu, imebandikwa kwenye mlango wa friji, na kila anayekuja kuchukua maji baridi anaisoma kwanza. Mama mmoja wa kanisa aliyekuja kuomba barafu alisimama akahesabu, kisha akanitazama kwa huruma niliyozoea kuiona matangani. Nami nauliza, ni nani aliyesema kiungo lazima kionekane kikifanya kazi? Nilimtolea Eddah mfano wa kidole tumbo, ambacho kinakaa humo ndani miaka yote bila kumsumbua mtu. Akaniambia madaktari hukikata. Mfano huo nimeuondoa.

2. Kuhusu kusimamia. Wataalamu wenu hawajaweka mahali pa kuandika kusimamia. Ni nani aliyewahi kuhesabu nahodha amefagia sitaha mara ngapi? Na ushahidi ninao. Katika siku zile saba kuna siku moja, Jumanne, usingizi ulinipitia kitini baada ya chakula cha mchana. Saa ile ile wali wa jioni ukaungua. Nikasema, hamwoni sasa? Nikifumba macho nyumba inaharibika! Eddah ameandika kwamba wali uliungua kwa sababu mama yake alikuwa uani ananifulia shati.

3. Kuhusu nadharia yenu ya pili, ambayo ndiyo iliyonitia hasara kubwa. Inasema, kama nilivyosomewa, kwamba nyumba ni mahali ambapo mmoja hufanya kazi na mwingine hufaidi, na kwamba yule anayefaidi ndiye husema mambo ni shwari. Eddah alikuwa akijisomea kwa sauti, mama yake anakanda unga wa mahamri yake ya biashara. Nyamvula akaacha kukanda. Akasema, “Kumbe lina jina?”

Basi hilo tu. Daktari, nimeishi na mwanamke huyu miaka ishirini na tisa kwa amani. Nilidhani hana malalamiko. Kumbe alikuwa hana istilahi, na wewe umempa. Tangu siku hiyo chai yangu iko kwenye chupa, chupa iko mezani, mimi niko kitini, na kati ya kiti na meza pana hatua nne ambazo hakuna wa kuzivuka ila mimi. Siku ya kwanza niliitafuta sukari mpaka nikachoka. Nilifungua kopo la chumvi, la bizari, la dawa ya mende. Nyumba hii imejengwa na mafundi niliowasimamia mimi tofali kwa tofali, na sijui sukari inakaa wapi! Nyamvula alikuwa pale pale, ananitazama, hana hasira hata chembe. Mke mwenye hasira namweza. Huyu anayetabasamu nimfanyeje?

4. Kuhusu nadharia ya tatu. Hii sikuielewa, na nahisi hata walioitunga walikuwa wamechoka. Inasema ati baba si kitu kilichopo tu, bali hutengenezwa kila siku na maneno na vitendo vya watu wanaoishi pamoja. Kama ni hivyo, mimi ninapolala mchana huwa ni nani? Lakini tuyaache hayo. Linaloniudhi hasa ni daftari. Eddah ananiandika. Mimi niliyekuwa Baba Maryanne kanisani, Mzee Charo barazani, na Karani mbele ya manahodha wa kigeni, humo ndani naitwa Mhojiwa wa Kwanza. Nilichungulia alipokwenda kuoga. Nanukuu: “Saa nne asubuhi Mhojiwa wa Kwanza amekohoa. Si kikohozi cha ugonjwa. Mama ameleta maji.” Na chini yake, tarehe nyingine: “Saa nne Mhojiwa amekohoa. Hakuna aliyekuja. Saa nne na robo Mhojiwa amepona.” Je, huu ni usomi ama ni ushushushu?

5. Kuhusu kuenea kwa maradhi haya. Mwanasaumu aliiona karatasi ya kwenye friji akasema, “Wallahi, elimu ni bahari,” akaipiga picha kwa simu yake. Wiki iliyofuata nyumba saba za mtaa wetu zilikuwa na karatasi, na mumewe Mwanasaumu, mtu mzima anayeheshimika msikitini, alionekana akianika mashuka huku akitazama huku na huku. Sisi waume tumekuwa wakimbizi. Tunakutana kwenye karakana ya seremala, tunaketi juu ya mbao zenye misumari. Tumeunda chama, nami nimechaguliwa mwenyekiti kwa kuwa hakuna mwenye rekodi mbaya kuliko yangu. Tumekaa vikao vitatu na ajenda ya kwanza bado imetushinda, yaani nani atachemsha chai.

6. Sasa nafika penye kidonda chenyewe.

Jumamosi hii wageni wanakuja kumposa Maryanne. Ni Wakamba walioishi Changamwe miaka mingi. Kijana anaitwa Fidel, fundi wa umeme wa malori, mpole na mchapakazi. Kasoro yake ni moja, kwamba humwamkia mtu mzima “Niaje, mzee,” kisha akashtuka na kuongeza shikamoo kama mtu aliyesahau chenji yake dukani. Baba yake ni Mzee Mutua. Sina neno nao.

Kwetu Wagiriama mposaji huleta kibuyu cha mnazi, ile pombe ya kugema. Wageni wakishaketi, baba hukishika kibuyu, akamwita bintiye mbele ya pande zote mbili, akamuuliza: “Mwanangu, mnazi huu niunywe, nisiunywe?” Binti akisema unywe, baba huutia mrija, na posa imekubaliwa. Akisema usiunywe, ama akinyamaza, kibuyu hurudi kilikotoka na wageni nacho. Sisi ni watu wa kanisa na mchungaji wetu anaijua mila hii vizuri. Siku kama hiyo huchelewa kufika kwa makusudi, mrija ukiwa umeshafichwa.

Juzi palifanyika kikao humu ndani. Eddah akasoma matokeo ya utafiti wake. Akasema kazi apewe anayeifanya. Akasema yuko baba wa kuzaa na yuko baba wa kutenda, na karatasi, tena ya baba mwenyewe, inaonyesha kwamba kazi za baba katika nyumba hii zilifanywa na mjomba Kai kwa siku moja, nauli ya feri juu yake. Kwa hiyo kibuyu akishike mjomba. Kai alikataa mara mbili kwa heshima, na mara ya tatu akauliza avae shati gani. Nyamvula akasema sawa. Mimi nikasema, “Fanyeni mpendavyo,” nikitaraji kubembelezwa. Wakafanya wapendavyo. Maryanne alikuwa mezani anasahihisha madaftari ya watoto wake wa chekechea. Akainua macho, akaitazama ile karatasi kwenye friji, akainama tena.

Nimeumia, Daktari. Hili naliandika bila mzaha. Swali lile nimelingoja tangu Maryanne alipozaliwa, na sasa ana miaka ishirini na saba. Nimelifanyia mazoezi bafuni kwa sauti nzito, kwa sauti ya taratibu, na kwa ile sauti ya mtu asiyejali, mpaka Mwanasaumu, anayesikia kila kitu kupitia ukutani, akaamini mimi ni mlevi ninayejisihi niache. Nilijua kwamba kazi nyingi za nyumba hii si zangu. Nani asiyejua? Lakini hiyo moja nilijua ni yangu. Sasa anapewa Kai kwa ajili ya kutengeneza mfereji, na mfereji wenyewe unavuja.

Kwa sababu hizo naomba chuo kitekeleze yafuatayo kabla ya Jumamosi saa nne asubuhi:

(a) Eddah apewe sufuri. Naandika hivi nikiwa baba anayempenda sana. Akipata sufuri utafiti wake utakuwa si kweli, na usipokuwa kweli mimi nitarudi mahali pangu. Asikate tamaa, sufuri si mwisho wa dunia, hata babake anayo moja na bado anakula.

(b) Nyamvula aandikiwe barua yenye muhuri, ieleze kwamba ile nadharia ya pili ilitungwa kwa ajili ya nchi za baridi, na kwamba kisheria haijavuka daraja la Makupa kuja huku kwetu.

(c) Nipewe cheti cha Ubaba, chenye picha yangu, kikubwa kuliko ile karatasi ya kwenye friji kwa pande zote nne, kiweze kuifunika kabisa.

(d) Wewe mwenyewe ufike Jumamosi ukiwa umevaa joho na kofia yake, uketi mkono wangu wa kuume. Mtu yeyote akiuliza nina faida gani, umjibu wewe kwa lugha ya kitaalamu, tena kwa kirefu, mpaka wageni wachoke na kuomba kwamba basi baba anywe tu.

(e) Ikiwa hayo yote hayawezekani, chuo kinichukue mimi. Ninyi ndio mliogundua kwamba sina kazi nyumbani, na aliyeokota ndiye mwenye kutunza. Mniweke katika chumba cha mihadhara kama kielelezo, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanitazame kwa zamu. Kiti nitakuja nacho. Nahitaji chai saa nne na saa kumi, sukari vijiko viwili, na awepo mtu anayejua iliko. Kukohoa nitakohoa bila malipo.

Naamini utaliangalia jambo hili kwa jicho la mtu ambaye naye ana baba mahali fulani, pengine ameketi.

Nisalimie walimu wenzako wote wa idara, karani wa masjala, wapishi wa kantini, na wanafunzi wa darasa la Eddah, hasa wale wanaoguna. Msalimie pia yule bawabu wa getini. Mwambie sina kinyongo naye. Alikuwa akifanya kazi yake, na ukweli ni kwamba nilimwonea wivu.

Ni mimi, niliyeng'olewa kitini kwa hoja,

Charo wa Garama
Baba Maryanne (kwa sasa)

NYONGEZA, Jumapili.

Daktari, barua hii usiitendee kazi. Ilikuwa isafiri Ijumaa, lakini Ijumaa nilikuwa nimenuna, na mtu aliyenuna haendi posta. Maombi yangu kuanzia (a) hadi (e) nayafuta. Eddah mpe alama anazostahili, na kama zipo za ziada uzitie. Nilitaka kuichana barua yenyewe, akanizuia mkono. Anasema ndani yake mna ushahidi ambao hakuupata kwa maswali yake yote, na ameomba kuiambatanisha. Nimekubali, ndiyo maana imekufikia kwa mkono wake.

Mambo yalikuwa hivi. Jumamosi niliamua kutoketi na wageni, ili watu wangu wajue. Nilikwenda uani, nikafudikiza ndoo, nikaikalia, nikangoja kufuatwa. Aliyenifuata ni Mwanasaumu, na kuku kumi na wawili waliokwisha kuchinjwa, na beseni la maji moto. “Baba Maryanne, wallahi maji yanapoa,” akasema, akaenda zake. Nilitazama kulia, nikatazama kushoto. Hapakuwa na mtu mwingine. Nikaanza kunyonyoa.

Nilikuwa nimemaliza kuku wa nne niliposikia sebuleni kumetulia, na Kai akauliza kwa sauti ya mtu anayewaita abiria wa Likoni: “Maryanne, mwanangu, mnazi huu niunywe, nisiunywe?” Kimya. Akauliza tena. Kimya. Mzee Mutua akamnong'oneza mwanawe kama pengine wamenunua mnazi ulioharibika. Fidel akasema, “Sijui, mzee. Hii part hatukuambiwa.” Kai akauliza mara ya tatu, safari hii kwa sauti ya abiria aliyeachwa na feri.

“Mjomba, umeuliza vyema, na nakushukuru,” Maryanne akasema. “Lakini nataka niulizwe na baba.”

Eddah, ambaye hata katika posa ya dadake alikuwa na daftari, akamuuliza ni kwa nini, ilhali karatasi ya friji inaonyesha wazi. Mimi nilimshika kuku hewani asije akadondokea majini nikapoteza neno. Maryanne akasema: “Kwa sababu humu ndani nyote mnataka niseme ndiyo. Mama ameshapika. Mjomba ameshavaa shati. Ni baba peke yake ambaye nikimwambia usiunywe, atasimama awarudishe watu hawa na kibuyu chao, wala hataniuliza sababu mbele yao.”

Sikuwa nikilijua jambo hilo juu yangu. Lakini niliposikia likisemwa, nilijua ni kweli kabisa.

Wakaniita. Niliingia na manyoya mpaka viwikoni. Kai akanipa kibuyu kwa mikono miwili, na naamini alishusha pumzi. Maneno niliyoyafanyia mazoezi miaka yote ile yakanikimbia, ya sauti nzito na ya taratibu pia. Nikamtazama mwanangu nikasema tu, “Ninywe?” Alimtazama Fidel, akanitazama mimi, na muda wote huo nilikuwa tayari kuwaambia hapana Wakamba wote wa Changamwe, na mke wangu, na pilau iliyokwisha kuiva. Kisha akasema, “Kunywa, baba.”

Nikanywa. Nikalia pia, sioni haja ya kuficha, na wanawake wa upande wa wageni wakapiga vigelegele kwa kudhani kwamba kulia ni sehemu ya mila yetu. Halafu Nyamvula akaniinamia sikioni, akaniambia kuku wamebaki wanane, nami nikarudi uani.